Baba anakana kuwa anasahau. Anajifanya?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Baba yangu ana miaka 71, na dagaa ameuza tangu sijazaliwa. Tunaishi Ujiji. Juzi, mbalamwezi ikiwa imekolea, aliamka saa kumi alfajiri akapanda bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi kusubiri mitumbwi. Hata mtoto wa mvuvi anajua kuwa mbalamwezi ikiwaka watu wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti dagaa. Nilipomfuata, alisema amekuja kupunga upepo. Wateja waliokwisha kulipa anawadai tena. Wakilalamika, anasema sisi tumechana kurasa za daftari. Ukimwambia anasahau, anawaka. Kaka anasema anajifanya ili asiachie biashara. Ni kweli?
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako amekosea, na naomba umsomee jibu hili mpaka mwisho.

Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski wa Ufaransa alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili huku wakikana kuwa wamepooza. Hali hiyo akaiita anosognosia. Hawakuwa waongo, kiharusi kilikuwa kimegusa hata ile sehemu ya kujitambua. Wengi wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoharibu kumbukumbu polepole, hupatwa na jambo la namna hiyo kuhusu akili zao. Sehemu za mbele za ubongo, zinazotusaidia kujipima, nazo huugua. Halafu fikiri: ili ujue kuwa unasahau, inabidi ukumbuke kwamba jana ulisahau. Baba anajiona bado yule mfanyabiashara wa miaka 50. Hesabu ikigoma, na yeye ana hakika hajakosea, aliyekosea atakuwa nani? Ni ninyi mliochana daftari.

Sisemi baba ana Alzheimer, sijamwona. Mpelekeni hospitali kwanza, kwa sababu tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi, huzuni nzito au dawa fulani huweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi ya hayo hutibika. Mwombe daktari akusikilize wewe pembeni. Baba akiulizwa peke yake atajibu yuko salama, na atakuwa anasema anachokiamini.

Ila huko kupunga upepo kumenigusa. Kujitambua hakuzimiki mara moja kama taa. Mama wa Kijerumani ambaye daktari Alois Alzheimer alianza kumwangalia Frankfurt mwaka 1901 alikuwa akisema amejipoteza. Wapo wanaokana kwa mdomo, lakini matendo yao yanaonyesha kuna kitu wamekihisi. Pengine baba, alipoona ziwa halina taa hata moja, alishtuka, akatafuta neno la kujisitiri.

Mama yangu mzazi, tukiwa Isevya, Tabora, alikuwa akitia kisamvu chumvi mara tatu. Mimi muuguzi mzima nikawa nabishana naye: "Mama, umeshatia!" Analia, anasema namwita mwendawazimu. Nilichelewa sana kuacha. Baadaye nikawa namwekea kwenye kikombe chumvi ya chungu kimoja tu, mfuko naupeleka chumbani kwangu. Ugomvi ukaisha. Siku moja mwenyewe akaniambia, "Leo pika wewe, mikono imechoka." Kwamba anasahau, hakuwahi kukiri mpaka anafariki.

Kwa hiyo msimlazimishe akiri. Kaka aandike daftari la pili kimyakimya, aongee na wateja wa siku zote wasilipe bila kaka kuwepo. Baba aendelee kuchambua dagaa na kupanga bei. Mikono yake bado inaijua kazi hiyo.

Na yule kijana wa bodaboda, mwombe akupigie simu kabla hajawasha pikipiki. Ukiwahi, nenda na baba. Baba akisema anakwenda kupunga upepo, mwambie hata wewe umekosa usingizi.