Mwaka unaoonekana mara mbili kwenye senti ya 1955
Ndugu, umesema tarakimu za mwaka kwenye senti yako ya Marekani ya 1955 zinaonekana mbilimbili, na unataka kuisugua ili uone vizuri. Tafadhali usiisafishe! Uso wa asili ukishaondoka haurudi, na thamani inaondoka nao.

Tumia lenzi ya kukuza mara 10, mwanga utokee ubavuni. Nakala ya pili ikiwa bapa kama kijingazi na herufi zimekonda, muhuri wa kugongea, yaani chuma kinachochapa sura kwenye sarafu, ulicheza tu. Ni kawaida sana na haiongezi bei. Ikiwa imeinuka na kuviringa kama ya kwanza, pembe za herufi zikiwa zimegawanyika, kosa lilikuwa kwenye muhuri wenyewe.

Senti maarufu ya 1955 yenye kosa hilo la muhuri, kujirudia kwake huonekana hata kwa macho matupu, kwenye mwaka na maandishi yote ya upande wa kichwa. Ikijirudia 5 ya mwisho peke yake, huo ni uchakavu wa muhuri.

Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo kabla ya kuuza au kulipia chochote ipeleke kwa wathibitishaji wa sarafu wanaojitegemea, si kwa mnunuzi mwenyewe.