Hatari ya 3 kati ya 5 kwenye theluji si "katikati"

Dada wa Shangani, umeuliza kama mdogo wako anayesoma Innsbruck, Austria, aende na wenzake mlimani, nje ya njia zilizotengenezwa, maadamu taarifa inasema hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kati ya 5. Mwambie asiisome kama alama za mtihani. Hatari inapanda kwa kuruka kutoka ngazi hadi ngazi, na kwenye 3 mtu mmoja tu akipita pabaya anaweza kuuangusha mteremko mzima. Wengi wanaokufa huko huwa wameyaanzisha wenyewe, au mwenzao.

Cha kuchunga zaidi ni upepo. Sisi Mtwara kusi ikivuma tunawaza ngalawa. Kule upepo unabeba theluji na kuirundika upande wa pili wa kilele, bamba zito juu ya tabaka dhaifu. Mbingu inaweza kuwa nyeupe pee na jua linawaka, hatari ikabaki palepale siku moja mbili baada ya theluji mpya.

Wabaki kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, na isiwe chini ya mteremko mkali zaidi. Kila mmoja awe na kifaa cha mawimbi ya redio mwilini cha kutafutana, koleo, na fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa. Aliyefukiwa huokoka akitolewa na wenzake ndani ya dakika 10 hivi. Helikopta mara nyingi hukuta maiti.

Kama wenzake hawana hivyo vifaa, abaki mjini.