Swali la lugha: Je, tamthilia "imeuzwa"?

Msomaji anauliza: "Vyombo vya habari huandika kwamba tamthilia fulani ya televisheni imeuzwa kwa kampuni ya kutiririsha video, lakini baada ya miaka michache tunaiona kwenye jukwaa la kampuni nyingine. Je, kitenzi 'kuuza' kinatumika sawasawa hapa?"

Kitenzi hakina kosa; kosa limo katika shamirisho lake, yaani kile kinachosemwa kuwa kimeuzwa. Auzaye kitu huachana nacho, ilhali mtayarishaji wa tamthilia mara nyingi hubaki na hakimiliki, na kampuni hupata ruhusa tu ya kuionyesha kazi hiyo kwa muda uliotajwa, katika nchi zilizotajwa. Tamthilia ya Friends ilikuwa kwenye jukwaa la Netflix nchini Marekani tangu 2015 hadi mwisho wa 2019, kisha mwaka 2020 ikahamia jukwaa jingine, HBO Max, na muda wote huo mwenye haki alikuwa mtayarishaji wake, kampuni ya Warner Bros. Kusema kwamba Netflix iliuziwa Friends ni kumkabidhi mpangaji hati ya nyumba.

Katika habari, basi, andika "ameuza haki za kuonyesha tamthilia". "Ameuza hakimiliki" ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hapo mtayarishaji amejivua umiliki wenyewe.

Mkataba unadai uangalifu zaidi. Chukua sentensi hii: "Mtoa leseni anampa mpewa leseni haki ya kutiririsha msimu wa kwanza na wa pili kwa miaka mitatu." Ukiondoa misimu, wa tatu utakapotoka utagombaniwa; ukiweka "kuonyesha" badala ya "kutiririsha", mpewa leseni anaweza kudai kwamba anaruhusiwa pia kurusha tamthilia hiyo kwenye kituo cha televisheni, ambako saa ya kutazama hupangwa na kituo, si na mtazamaji.

Neno linalonitia shaka zaidi ni "kipekee", ambalo wengi huliambatisha na "haki" au "leseni" wakidhani limemaliza kazi ya kuwazuia wengine wote. Katika matumizi ya kila siku neno hilo hubeba pia maana ya kitu kisicho na mfano, nayo ni sifa, si sharti. Sioni haja ya kulifuta, maana limekwisha kuzoeleka, ila lifuatishwe na kishazi kinachofunga mlango: "na katika muda huo mtoa leseni hatampa mtu mwingine haki hiyo, wala hataitumia yeye mwenyewe."