Kobe Wenye Kupe na Sindano ya Mbuzi

Swali: Daktari, shikamoo. Kikundi chetu hapa Muheza kinaendesha bustani ndogo ya wanyama yenye kibali, ambapo wanafunzi na familia huja kutazama sungura, kanga, mbuzi na kobe wa madoa. Tangu masika yaanze, kobe wamejaa kupe shingoni na kwenye mikunjo ya miguu. Kijana anayetuchomea mbuzi sindano ameshauri ivermektini, dawa ya kuua vimelea vya mifugo, mililita 0.2 kwa kobe wa kilo 10. Idi Kubwa imekaribia na tunatarajia wageni wengi. Je, kipimo hicho ni sahihi, au tukipunguze?

Jibu: Marahaba. Msiwachome. Si mililita 0.2, si nusu yake, wala si tone moja. Ivermektini haina kipimo salama kwa kobe, na kila msimu wa mvua napokea swali hili hili kutoka kwa watu wema wanaowapenda wanyama wao na ambao tayari wana chupa mkononi.

Hesabu ya kijana huyo haina kosa hata kidogo. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mbuzi hupewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hiyo mnyama wa kilo 10 anapata mililita 0.2 barabara. Kosa limefanyika kabla ya hesabu kuanza, pale alipodhani kwamba dawa ikishamfaa mbuzi inamfaa kila mnyama, na kwamba kinachobadilika ni kilo tu. Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko upungufu wa dawa na kuliko kupe wenyewe, kwa sababu inavaa sura ya utaalamu. Mtu anapima uzito, anapiga hesabu, anavuta dawa kwa uangalifu kwenye bomba la sindano, na wote waliosimama pale wanaamini kwamba kazi imefanywa kisayansi.

Ivermektini huua vimelea kwa kufungua vinjia vya kloridi katika neva na misuli yao, mpaka wapooze. Mbuzi hapoozi kwa sababu ubongo wake una kizuizi chenye protini inayoisukuma dawa irudi kwenye damu. Kobe hana kinga ya kutosha ya namna hiyo. Dawa hupenya hadi kwenye mfumo wake wa fahamu na kumlegeza. Zaidi ya hapo, mbavu za kobe zimeungana na gamba, haziwezi kupanuka, na hana kiwambo kama chetu cha kuvutia hewa. Anapumua kwa misuli ya tumbo na ya mabega na nyonga, ile ile inayolegea. Majaribio ya madaktari wa mifugo wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba kobe wa madoa, aina hiyo hiyo mliyo nayo, ndio waliodhurika kwa kipimo kidogo zaidi cha dawa kuliko aina nyingine zilizojaribiwa: miligramu 0.025 kwa kilo ilitosha kuwadhoofisha viungo. Hiyo ni sehemu moja ya nane ya kipimo cha mbuzi, kwa hiyo mkipunguza nusu, kama mlivyouliza, bado mko mbali sana na usalama.

Nimeletewa kobe wa namna hii. Shingo imenyooka nje, kichwa kimelala chini, na ukimgusa mguu hauvuti ndani. Ukiuinua, unaanguka kama si wake. Mara nyingi mwenyewe husema kwamba mnyama amelala au ameshiba, kwa kuwa mambo ya kobe huenda polepole na dalili huenda zisionekane siku ile ile. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Tunachoweza kufanya ni kumtunza katika joto linalofaa, kumpa maji mwilini na kumsaidia kupumua, huku tukisubiri mwili wake uisafishe dawa wenyewe, na si wote wanaofika huko. Katazo hili linawahusu pia kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, wenye asili ya Aldabra huko Ushelisheli, kobe bapa wa majabali ya bara, ambao tangu mwaka 2019 wamo katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na hata kasa wa baharini.

Basi kupe waondolewe kwa mkono. Mwekeni kobe juu ya bakuli lililopinduliwa, miguu ining'inie bila kugusa chini, kisha msubiri bila kelele. Baada ya muda atanyoosha shingo na miguu mwenyewe. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, mtumbukize kwenye spiriti, na pale alipokuwa mpake ayodini kidogo. Mtafute pia chini ya mkia na katika mifereji iliyo kati ya bamba na bamba za gamba. Msimpake mafuta ya taa wala oili chafu ya gari, maana chini ya bamba hizo kuna mfupa ulio hai wenye damu na neva. Wala msimpeleke kwenye josho la ng'ombe.

Lakini kupe wengi wa kobe hawako kwenye kobe. Jike akishiba huanguka na kutaga maelfu ya mayai ardhini, na wadogo wanapoanguliwa hungoja kwenye nyasi. Ndiyo maana masika huonekana kama yamewaleta. Fyekeni nyasi ndani na kando ya uzio, ondoeni majani yaliyorundikana, na watengeni kobe wapya waliookotwa barabarani baada ya mvua. Hao wa kuokotwa, kwa kweli, toeni taarifa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, badala ya kuwapokea kimya kimya. Mbuzi nao wasilishwe karibu na kobe, kwa kuwa baadhi ya kupe hawa hubeba ugonjwa wa maji moyo, ambao kobe haumuumizi lakini mbuzi humuua. Kwa hofu ya ugonjwa huo Marekani ilizuia kuingiza kobe wa madoa mwaka 2000. Siku ya Idi watoto watazame bila kushika, na maji ya kunawa pamoja na sabuni viwekwe mlangoni, kwani kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Sasa nirudi kwenye sindano, kwa kuwa kobe ni mmoja tu wa wanaolipia imani hii. Mbwa wa jamii ya Collie wengi wana kasoro ya kurithi katika protini ile niliyoitaja, nao wanaweza kufa kwa ivermektini inayowafaa mbwa wengine. Monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha kuku ili kuzuia vimelea vya utumbo viitwavyo koksidia, inaweza kumuua farasi aliyekula chakula hicho. Huko India, Pakistan na Nepal, diklofenaki iliyowapunguzia ng'ombe maumivu iliwaua tumbusi waliokula mizoga yao. Figo zilishindwa kazi, na aina tatu za ndege hao zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla ya nchi hizo kuipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Waliochoma sindano zile hawakukosea kipimo cha ng'ombe, na ng'ombe wao walipata nafuu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaozunguka mitaani na chupa moja wakitibu kuanzia punda hadi njiwa, hata wakiwa wa bei nafuu na wapole wa maneno. Kabla sindano yoyote haijavuka uzio wenu, mwombeni anayeishika afungue karatasi iliyomo ndani ya boksi na awaonyeshe kwa kidole mahali mnyama wenu alipotajwa. Kama hakutajwa, sindano irudi mfukoni hadi mumpate daktari wa wanyamapori. Mkihofia minyoo, mpelekeeni kinyesi kibichi cha kila kobe kwenye kopo lake lenye jina. Dawa za minyoo zinazotumika kwa kobe zipo, lakini huchaguliwa baada ya kinyesi kupimwa.