Gesi haijui mlima

Wiki hii barua zote ni za kifua, na kila mtu ana jina lake: gesi, baridi, presha. Mmoja anasema amelogwa na jirani.

Mume wangu ana miaka 58. Akisukuma mkokoteni wa maziwa kupanda mlima asubuhi, kifua kinambana mpaka kwenye taya. Akiketi dakika chache kinaachia. Yeye hunywa dawa ya vidonda vya tumbo. (Njoro)

Mama, gesi haijui mlima. Maumivu yanayokuja mtu akitumia nguvu na kuondoka akipumzika mara nyingi ni anjaina. Mishipa inayoulisha moyo imejengeka mafuta ndani, njia ikawa nyembamba. Mzee akiwa ameketi, damu inayopita inatosha. Akianza kupanda, moyo unadai zaidi na haupati. Baridi ya asubuhi huko kwenu nayo hukaza mishipa. Maumivu yenyewe hupenda kutembea: taya, shingo, mgongo, mkono wa kushoto. Wanawake wengine hata kifua hakiwaumi, wanaishiwa pumzi tu na kusikia kichefuchefu.

Mpeleke hospitali wiki hii apimwe presha, sukari, kolesteroli na umeme wa moyo. Kipimo cha umeme kinaweza kutoka kizuri akiwa amepumzika, kwa hiyo ataje mkokoteni, asiseme tu "kifua". Na siku maumivu yakimpata ameketi, au yakikataa kuachia, msingoje kupambazuke.

Nimeambiwa nipunguze mafuta. Niache samaki? (Kondele, Kisumu)

Uache samaki ukiwa Kisumu! Hapana. Kosa si la ngege (tilapia), ni la karai, hasa mafuta yanayorudiwa mpaka yawe meusi. Mchemshe na nyanya, kitunguu na dania. Omena, yaani dagaa, ni nzuri zaidi kuliko watu wanavyoidhania, ina mafuta ya omega-3 ambayo moyo unayapenda. Ioshe kwa maji moto, uipike kwa mafuta ya kijiko kimoja.

Ninachokihofia mimi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na unga wa kukoleza mchuzi. Magadi ya kulainisha mrenda na kunde pia yana sodiamu. Mboga chungu kama osuga (mnavu) na saga (mgagani) ziungwe kwa karanga za kusaga, uchungu utapungua.

Kitunguu saumu na ndimu kila asubuhi huzibua mishipa? (Kakamega)

Hapana. Kwenye mboga ni kiungo kizuri, chumvi utaipunguza. Ila vidonge vya kitunguu saumu ukivichanganya na aspirini vinaweza kukuzidishia kutokwa na damu. Dawa za hospitali usiziache.

Nimepewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Naona haya kuuliza: naweza kutumia na zile dawa za nguvu za kiume? (Bungoma)

Afadhali haya kuliko jeneza. Usichanganye hata kidogo: presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Za mitishamba zinazouzwa stendi pia ziache, nyingine hutiwa dawa hiyohiyo kimyakimya. Mweleze daktari wako, si wewe wa kwanza kumuuliza. Na kidonge chako ukikitumia, keti kwanza, maana kizunguzungu chake huangusha.