Masanduku na Shokapu za Pikipiki: Anza na Mizani

Wengi wanaoniuliza namna ya kuandaa pikipiki kwa safari ndefu huanza na masanduku: ya alumini au ya plastiki, mawili au matatu, ya lita ngapi. Habari ya shokapu huja baadaye sana, pikipiki ikishaanza kuyumba kwenye kona na kugonga chini kila ikivuka tuta. Mimi nashauri mambo haya mawili yaamuliwe siku moja. Springi ya shokapu huchaguliwa kwa kilo, na kilo zako huwezi kuzijua mpaka ujue unabeba nini na unakifunga wapi.

Kwa hiyo kabla ya duka, mizani. Fungua kitabu cha pikipiki, au soma kibati kilichobandikwa kwenye fremu, utafute uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa imejaa mafuta. Kinachobaki ndicho ulichoruhusiwa kupakia, na ndani yake umo wewe mwenyewe, abiria, mizigo, keria, masanduku na kila chuma ulichoongeza. Tuseme kinachoruhusiwa ni kilo 380 na pikipiki ina 210. Umebaki na 170. Wewe na kofia yako, buti na jaketi ni 88. Keria ya pembeni na masanduku mawili matupu, 16. Vyuma vya kukinga injini, 8. Sasa zimebaki 58, na hujaweka hata shati. Ukipakia abiria wa kilo 58, safari imejaa. Hesabu hii huwaudhi watu, lakini ni afadhali ikuudhi ukiwa umekaa nyumbani.

Kuhusu masanduku, nina msimamo wangu. Kama njia zako ni lami tupu na unalala mijini, chukua masanduku magumu: yana kufuli, hayaingizi maji yakiwa mazima, na unayachomoa ukaingia nayo chumbani. Kama kuna mchanga, matope na mawe, chukua mabegi laini ya pembeni. Si kwa sababu ya uzito peke yake, ingawa unaokoa kilo kadhaa. Kwenye mchanga mguu hushuka chini wenyewe kutafuta ardhi, pikipiki inaendelea mbele, na sanduku gumu linakufuata kwa nyuma na kukubana shavu la mguu au kifundo. Begi hubonyea. Na pikipiki ikilala, sanduku la alumini hupinda na mfuniko wake haufungi tena vizuri, wakati begi unalipangusa tu vumbi. Kasoro ya mabegi ni joto la ekzosi. Upande ule unahitaji kikinga joto cha bati na nafasi ya kutosha, na hakikisha begi haliligusi bati hilo hata springi ikibonyea mpaka mwisho.

Sanduku la juu, lile la nyuma ya kiti, ndilo linalopendwa zaidi na ndilo linaloharibu zaidi. Limekaa juu, tena nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila kilo unayoweka humo inalinyanyua gurudumu la mbele kidogo. Usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mwendo mkubwa pikipiki inaanza kucheza mkia. Ndiyo maana watengenezaji wengi huliwekea kikomo kidogo, mara nyingi kati ya kilo 5 na 10, hata kama lina ujazo wa kumeza mara tatu ya hizo. Humo weka koti la mvua, glavu, mkate. Vitu vizito, yaani spana, tyubu, pampu, chupa za maji, vikae chini kabisa ya mabegi ya pembeni na visogezwe mbele kuelekea kwa dereva. Kushoto na kulia pasizidiane kwa zaidi ya kilo moja au mbili. Mizani ndogo ya kuning'iniza ya kupimia masanduku ya ndege inatosha kabisa kwa kazi hii.

Keria nayo iangaliwe kwa macho makali. Upande wa ekzosi mara nyingi hutoka nje zaidi kuliko upande wa pili, na mzigo uliotoka nje huivuta fremu ya nyuma kwa nguvu zaidi. Tafuta yenye bomba la kuunganisha pande mbili kwa nyuma, chini ya taa; bila hilo, mikono ya keria hutikisika kila mmoja kivyake mpaka inakatika penye ulehemu. Bolti zipakwe gundi ya kuzizuia zisilegee, kisha zikaguliwe baada ya kilomita mia za kwanza. Mimi huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye keria: mstari ukikatika, nati imezunguka, na hilo unaliona ukiwa umechuchumaa tu, bila spana.

Sasa springi, ambako ndiko penye maneno mengi ya vijiweni yasiyo ya kweli. La kwanza: "kaza springi iwe ngumu." Ile kola, yaani pete ya kwenye shokapu inayobana springi na ambayo unaizungusha kwa spana ya ndoano, haiigeuzi springi kuwa ngumu. Springi inayohitaji kilo 8 ili ibonyee milimita moja itabaki kuhitaji kilo 8, kola iwe juu au chini. Kinachobadilika ni kimo ambacho pikipiki inakaa. Kwa mzigo mwepesi hiyo inatosha. Kwa mzigo wa safari, unaweza kuzungusha kola mpaka mwisho, pikipiki ikasimama vizuri gereji, halafu ikaenda kugonga chini kwenye shimo la kwanza.

Namna ya kujua ni kupima, na unahitaji utepe, kalamu na mtu mmoja wa kukusaidia. Bandika kipande cha selotepu kiwe alama kwenye mkia wa pikipiki, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Nyanyua gurudumu la nyuma lining'inie hewani, upime kutoka ekseli hadi alama. Hiyo ni namba ya kwanza. Shusha pikipiki, isimamishwe wima bila mtu, itikise mara chache ili itulie, upime tena. Halafu panda ukiwa umevaa kila kitu, mizigo yote imefungwa, miguu kwenye vikanyagio, msaidizi akushikilie na mwingine asome utepe (kweli, watu wawili ni bora kuliko mmoja). Namba ya kwanza toa ya tatu ndiyo kiasi pikipiki inachoshuka ikiwa na wewe. Kwa kukadiria, lenga karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu (umbali linaopanda kutoka kuning'inia hadi shokapu kubonyea mpaka mwisho), au pungufu kidogo. Gurudumu lenye mwendo wa milimita 200 lishuke kama 60 hivi. Pikipiki ya lami yenye mwendo mfupi itaangukia kati ya 30 na 40.

Ukishapata kipimo hicho kwa kuzungusha kola, rudi kwenye namba ya pili, maana ndiyo inayofichua siri. Pikipiki peke yake, bila mtu wala mzigo, inapaswa kushuka kidogo. Ikiwa haishuki kabisa, imesimama juu kama inaning'inia, springi yako ni laini mno na umeibana kupita kiasi ili ibebe mzigo. Ikishuka sana yenyewe, springi ni ngumu mno. Wengi husoma kinyume chake na kwenda kununua springi isiyofaa. Makampuni ya springi, iwe Öhlins ya Sweden, Hyperpro ya Uholanzi, Wilbers ya Ujerumani au YSS ya Thailand, yatakuuliza uzito wako na wa mizigo kabla ya kukupangia. Wape namba za mizani, usiwape za kujipendekeza.

Springi peke yake au shokapu nzima? Kama shokapu yako haivuji na haijachoka, springi mpya inakupa sehemu kubwa ya faida. Lakini springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na mafuta ya ndani ya shokapu ndiyo yanayoizuia isikurushe. Jaribu hivi: sukuma kiti chini kwa nguvu, uachie. Mkia unapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, kizuizi hakitoshi. Ukipanda polepole kama umechoka, kimezidi, na kwenye matuta yanayofuatana gurudumu halitapata muda wa kurudi chini. Shokapu itazidi kujikunja tuta baada ya tuta mpaka iishiwe na mwendo. Kama ina skrubu ya kurekebisha kizuizi hicho, izungushe kwanza taratibu mpaka ifunge huku ukihesabu mibofyo, andika idadi hiyo, kisha uirudishe ilipokuwa. Baada ya hapo badilisha mbofyo mmoja au miwili tu kwa wakati mmoja, ukapite njia ileile.

Shokapu ya bei ya chini ikipigishwa barabara ya vumbi yenye migongo kwa saa nzima hupata joto, mafuta yanakuwa mepesi, na mkia unaanza kurukaruka. Hapo ndipo shokapu yenye kikopo cha pembeni inapolipa: ina mafuta mengi zaidi na sehemu zaidi ya kutolea joto. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwa nguvu ili mafuta yasifanye povu. Hiyo haifunguliwi uani kwa spana na ujasiri. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kuijaza upya.

Mbele hapahitaji mengi, kwa kuwa mzigo wa safari hukaa nyuma. Badilisha springi za foko, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, kama pikipiki inainamisha pua sana ukishika breki, na ubadilishe mafuta, kwani ya zamani hutoka yamekuwa meusi na yananuka. Kimo cha mafuta hupimwa foko ikiwa imebonyezwa mpaka chini, springi ikiwa nje. Ukiongeza mafuta unapunguza hewa iliyo juu yake, na foko inakuwa ngumu kuelekea mwisho wa mwendo wake. Kuwa mwangalifu na namba kama 10W, ile ya kwenye chupa inayotaja wepesi au uzito wa mafuta kutiririka: mafuta ya makampuni mawili yenye namba hiyohiyo yanaweza kutofautiana, hivyo usichanganye chupa.

Baada ya yote hayo, pakia mzigo kamili na ukague vitu vichache. Upepo wa tairi la nyuma upandishwe hadi kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu, tairi likiwa baridi. Taa ya mbele, usiku, ukutani: mkia ukishuka taa hupanda na kuwapofusha wanaokuja. Kama shokapu mpya imeinua pikipiki, stendi ya pembeni sasa ni fupi na pikipiki yenye mizigo inalala zaidi. Kipande cha bati kilicholehemiwa chini ya stendi kinarudisha kimo, na hakizami kwenye mchanga.

Na cheni. Hubana kuliko wakati wote pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja, na pikipiki iliyopakiwa hukaribia mstari huo kila ikibonyea. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imebana kama uzi ukiwa na mizigo, na hapo inakula beringi za sproketi. Ikague mkiwa mmekaa wote juu, mtu wa tatu akiishika kwa kidole katikati, upande wa chini. Ikikosa kucheza kabisa, shukeni, ilegeze, ukaze nati ya ekseli, mpande tena apime.