Naenda Tunduma kufuata vitenge: nijilindeje na wezi, na nikishikwa na askari nina haki gani?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina meza ya vitenge Soko la Sabasaba hapa Dodoma. Miaka yote nanunua kwa mtu anayetoka Tunduma, mpakani na Zambia, sasa nataka kwenda mwenyewe. Nimetishwa sana. Wengine wanasema stendi imejaa vibaka, wengine wanasema wabadilisha kwacha wanakupa makaratasi, na jirani yangu wa sokoni alilala mahabusu kwa mzigo ambao hata haukuwa wake. Nijilindeje? Na askari akinishika, nina haki gani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nenda. Wanawake wengi wa huku kwetu wanasomesha watoto kwa safari hiyohiyo. Ila kisa cha jirani yako kimenifanya nikujibu kwa kirefu, maana mpakani wizi na kesi mara nyingi huletwa na mtu mmoja: kishoka. Ni yule kijana mchangamfu anayekupokea mlangoni mwa basi, anayejua ofisi zote, mwenye duka la "bei ya ndani" na njia isiyo na foleni. Akikimbia na hela yako, umeibiwa. Asipokimbia, akakupitishia mzigo njia ya panya, ukikamatwa mzigo ni wako na kesi ni yako. Yeye hayupo.

Kabla hujakata tiketi pale stendi ya Nanenane, amua jambo moja: unaishia Tunduma, au unavuka kwenda Nakonde? Kwa macho ni mji mmoja, lakini Nakonde ni Zambia. Ukiishia Tunduma, kitambulisho cha NIDA kinatosha. Ukivuka, unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, ambayo unaiombea Uhamiaji hapahapa Dodoma kabla ya kuondoka. Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo usitegemee NIDA. Viza Mtanzania haitakiwi, lakini muhuri unatakiwa, na unapatikana kwenye kituo cha pamoja cha forodha, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia mahali pamoja. Utaona wenyeji wanakatiza na ndoo za nyanya bila kuulizwa neno. Usiwaige. Wao wanajulikana pale, wewe ni mgeni, na ukikutwa upande wa pili bila muhuri unashtakiwa kwa sheria za Zambia. Haki za Kitanzania nitakazokueleza hapa chini hazivuki na wewe. Ukishikwa huko, omba ubalozi wetu wa Lusaka ujulishwe. Haki hiyo imo kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, na ofisa anapaswa kuitekeleza ukiomba.

Ushauri wangu: safari ya kwanza ishia Tunduma. Jifunze mji na wauzaji kwanza.

Na ukiishia Tunduma, kwacha za nini? Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutozwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Muuzaji wa Tunduma anayekwambia "hapa tunapokea kwacha tu" anakusukuma kwa mtu wake wa kubadilisha hela, na huko ndiko utakakoumia. Bulungutu lina noti halali juu na chini, katikati karatasi. Au unapewa kwacha za zamani: Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013, kwa hiyo noti ya kabla ya hapo yenye maelfu mengi, inayomtamanisha mgeni, haikununulii hata kiberiti. Siku ukihitaji kwacha kweli, ingia benki au duka la fedha lenye leseni, uhesabu mbele ya dirisha na uondoke na risiti. Anayebadilisha fedha barabarani bila leseni anavunja sheria, na wewe ukiibiwa naye utaona aibu kwenda kushtaki. Wanajua hilo.

Jihadhari pia na bahasha inayoanguka mbele yako. Mtu anaiokota, anakuonyesha hela ndani, anakuvuta pembeni mgawane. Dakika haijaisha, "mwenyewe" anatokea, na nyuma yake "askari kanzu" anayetaka kukagua pochi yako. Wote ni kundi moja. Ukiona bahasha, endelea na safari.

Sasa mzigo. Kitenge cha bei ya chini kupita kiasi mara nyingi ni kitenge ambacho hakikulipiwa ushuru. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimkamati aliyevusha peke yake. Inamkamata pia anayekutwa na bidhaa ambayo alijua, au alipaswa kujua, kwamba haikulipiwa ushuru. Hayo maneno "alipaswa kujua" ndiyo huwafunga wengi, kwa sababu mfanyabiashara wa vitenge hawezi kudai hajui bei ya kitenge. Nunua dukani, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye jina lako, idadi na tarehe ya siku hiyo. Ipige picha umtumie mtu wa nyumbani, halafu yenyewe ikae mwilini, isikae kwenye buti la basi.

TRA, yaani mamlaka ya mapato, wakikamata mzigo, usiondoke bila karatasi ya ukamataji. Soma kilichoandikwa kabla ya kusaini: robota ngapi, kila moja pisi ngapi. Kama zimeandikwa tatu na wewe ulikuwa na tano, sema palepale ziandikwe tano, maana ukishasaini tatu hutakuwa na pa kuzidai mbili. Una mwezi mmoja tangu siku ya kukamatwa kudai mzigo wako kwa maandishi. Mwezi ukipita kimya, unahesabika umeuacha. Mwambie jirani yako amjulishe mwenye ule mzigo, kama siku bado zipo.

Mzigo wa mtu usiubebe. "Nishikie hiki, ndugu yangu atakupokea Iringa." Hapana, hata kama anayeomba ni mama mwenye mtoto mgongoni. Kikikutwa na bangi, kifungo kinaweza kufika miaka 30, na kusema "nilipewa" ni utetezi mgumu sana mahakamani. Ukikodi gari, dereva asipakie abiria wa njiani usiyemjua: barabara ile hupitisha wahamiaji wanaokwenda kusini mwa Afrika, na anayewasafirisha hushtakiwa pamoja nao.

Nije kwa askari. Akiwa na sare au hana, akikusimamisha, simama na mjibu kwa heshima. Jina na anwani unatakiwa kuvitaja. Kama ni askari kanzu, sema hivi: "Afande, naomba nione kitambulisho chako. Nipo tayari, twende kituoni." Askari wa kweli hatakataa kwenda kituoni. Anayekuvuta uchochoroni, au anayetaka mmalizane kwenye bajaji, piga kelele na piga 112. Pochi usimpe mtu aishike.

Ukikamatwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka uambiwe kosa lako. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha, na hili usilionee haya kulidai. Kituoni una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla na wakati wa kuhojiwa. Mahojiano yana muda wake: saa nne, na yakiongezwa hayazidi nyingine nane. Kukaa kimya si kosa. Ukiamua kutoa maelezo, yasomewe kwako kabla ya kusaini, na palipokosewa parekebishwe. Ukiambiwa "saini tu uende nyumbani", jibu "nitasaini nikishasomewa." Nimeona kesi nyingi zikiharibika kwenye saini hiyo kuliko kwenye ushahidi wenyewe.

Ukiwa umekamatwa bila hati, unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au upewe dhamana, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Andika saa uliyoshikwa, maana ndiyo swali la kwanza wakili wako atakalouliza. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anasaini, hatoi hela. Ukiombwa "ya chai", kumbuka kwamba sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama anavyoshikwa anayepokea, na kwa mtu ambaye hakuwa na kosa, hela hiyo ndiyo inaweza kuwa kosa lake la kwanza. Omba kuonana na mkuu wa kituo. Au piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, 113, bure. Ukishindwa kote, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina makao makuu hapahapa Dodoma, na malalamiko yako watayapokea. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakupa njia: tafuta watoa msaada waliosajiliwa.

Basi likifika usiku, usitoke stendi kutafuta gesti kwa miguu. Kaa ofisini kwa kampuni ya basi kupambazuke, au uwe umeshapiga simu gesti yenyewe kutoka Dodoma. Ukiibiwa, fungua jalada siku hiyohiyo na uchukue namba ya RB (namba ya taarifa yako polisi), hata kama huamini kitu kitapatikana: bila RB, benki na mtandao wa simu watakuzungusha. Ukiumizwa omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Na kwa kuwa simu ndiyo huibwa kwanza, namba tatu ziandike kwenye karatasi na uishone kwenye upindo wa gauni: ya mtu wa nyumbani, ya huduma kwa wateja ya mtandao wako ili laini ifungwe kabla M-Pesa haijakombwa, na ya wakili yeyote unayemfahamu.